Magari ya umeme Moshi: Hasara hujificha kwenye kichwa cha waya

MOSHI

MWENYE gari la watalii anapoketi na fundi kuzungumzia kuligeuza gari lake la dizeli liwe la umeme, mazungumzo huanza na betri na kuishia kwenye betri. Hilo halishangazi, kwa sababu betri ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya mtaji. Inafuata mota, kisha kifaa cha kuongoza umeme wa mota, kisha chaja. Mwishoni kabisa, mahali ambapo fundi huandika "vifaa vidogo vidogo", ndipo kinapofichwa kipande cha shaba kisichozidi urefu wa kidole, kile kinachovishwa mwisho wa waya mnene na kufungwa kwa nati kwenye betri. Mafundi wengi hukiita lagi. Katika ukurasa huu tutakiita kichwa cha waya.

Sisi tuliosoma biashara tulifundishwa kuipanga stoo kwa makundi matatu: kundi A la bidhaa chache zenye thamani kubwa, kundi B la kati, na kundi C la vitu vingi vya bei ndogo ambavyo meneja hana haja ya kuvipotezea muda. Kwa hesabu hiyo vichwa vya waya viko kundi C, pamoja na misumari na washa. Kwa gari la umeme hesabu hiyo inapotosha. Umeme wote wa gari, kila wati, hupita kwenye kichwa hicho wakati wa kwenda na hupita tena wakati wa kurudi. Kikibinywa vibaya, betri ya mamilioni inategemea kitu ambacho hakuna aliyekikagua.

Suala hili limefika karibu na sisi. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club, ikishirikiana na Carwatt ya Ufaransa, iliingiza mbugani hapa nchini magari ya safari yanayotumia umeme. Arusha, mwendo wa kilometa 80 kutoka hapa, Hanspaul na Gadgetronix wameungana katika mradi wa E-Motion wa kugeuza Land Cruiser za watalii. Nairobi kuna Roam, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus na kubadili jina mwaka 2022. Nayo iligeuza magari ya safari kabla ya kujulikana zaidi kwa pikipiki na mabasi yake. Moshi imekaa katikati ya njia hiyo, na mpaka wa Holili uko jirani. Magari haya yatahitaji matengenezo, na si kila mwenye gari atakubali kulipeleka Arusha kwa sababu ya waya mmoja uliopata moto. Karakana ya Moshi inaweza kuichukua kazi hiyo. Swali ni kama inaweza kuifanya bila kumtia mteja hasara.

MLIMA UNADAI AMPEA

Mtu anayeendesha gari la umeme katika mji tambarare hupumzisha nyaya zake mara kwa mara. Anayepanda kwenda Marangu, Kibosho au Machame hana nafasi hiyo. Mji wa Moshi uko karibu mita 850 juu ya usawa wa bahari, na lango la hifadhi la Marangu liko juu ya mita 1,800. Kwa hiyo gari hupandishwa takriban mita 1,000. Gari lenye uzito wa tani 3 likipandishwa kimo hicho linahitaji uniti 8 na kidogo za umeme kwa kazi ya kupanda peke yake, kabla ya kuhesabu msuguano wa matairi na kile kinachopotea ndani ya mota.

Tuingie kwenye ampea. Katika kipande cha barabara kinachopanda mita 1 kwa kila mita 10, gari hilo likienda kilometa 36 kwa saa linadai karibu kilowati 30 kwa ajili ya mlima tu; ukiongeza hasara za njiani weka kilowati 35. Kama betri ni ya volti 350, nyaya zitabeba ampea 100. Kama aliyeligeuza alitaka kupunguza gharama akafunga mfumo wa volti 96, kazi ile ile itadai ampea 365. Volti zikipungua, ampea zinaongezeka, na anayebeba mzigo wa ampea ni waya na kichwa chake.

Bodaboda nayo haijasamehewa. Pikipiki ya umeme ya volti 72 yenye dereva, abiria na mzigo, jumla kilo 270, ikipanda mteremko huo huo kwa kilometa 29 hivi kwa saa, itavuta karibu ampea 37 kwa dakika nyingi mfululizo. Soketi iliyoandikwa ampea 30, ambayo fundi aliiona inatosha kwa sababu majaribio aliyafanyia stendi, itaanza kulainika kabla dereva hajafika Uru.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Gari la umeme linaposhuka, mota hugeuka kuwa jenereta na kuirudishia betri umeme. Dereva wa dizeli anaposhuka kutoka Marangu hadi Himo anapumzisha injini yake, lakini kwenye gari la umeme kiungo cha waya bado kiko kazini. Kilipata joto wakati wa kupanda, kinapata tena wakati wa kushuka, kisha usiku kinapoa kwa baridi ya mlimani. Shaba hutanuka na kusinyaa katika kila mzunguko. Kiungo kilicholegea kidogo siku ya kwanza kitakuwa kimelegea zaidi msimu ukifika katikati.

Joto lenyewe lina hesabu rahisi: ampea mara ampea mara ukinzani. Kiungo kilichobinywa vizuri kinaweza kuwa na ukinzani wa miliomu 0.05. Kwa ampea 365 kinatoa joto la wati 7 hivi, na waya unalisambaza bila tatizo. Kiungo kilichogongwa kwa nyundo kikafikia miliomu 1, kwa ampea hizo hizo kinatoa wati 133. Pasi ya kawaida ya fundi redio ina wati 40 au 60. Kwa maneno mengine, mwenye gari amefunga pasi mbili za moto zaidi ya ubavu wa betri yake na amezifunika kwa plastiki.

MIZANI KABLA YA POCHI

Hesabu ya kwanza ya soko ni waya wenyewe, kwa sababu kichwa kizuri hakiwezi kuuokoa waya bandia. Katika masoko ya Afrika Mashariki umo waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje. Ukiutazama unang'aa kama shaba, na Mangi wa dukani anaweza kuuza kwa nia njema bila kujua alichouziwa huko juu. Waya huo hupitisha umeme takriban thuluthi mbili tu ya kiasi ambacho shaba yenye unene huo ingepitisha. Ubaya wake mkubwa unakuja wakati wa kubinya: alumini hujivisha ngozi ya oksidi isiyopitisha umeme, hulegea taratibu ikikandamizwa, na ikikutana na shaba katika unyevu huliwa na kutu ya aina yake. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro haina uhaba wa unyevu, hasa masika ya Machi hadi Mei.

Shaba ina uzito usiodanganya. Kila sentimita ya ujazo ni gramu 8.96, na alumini ni gramu 2.7. Chukua kipande cha sentimita 20 cha waya ulioandikwa milimita mraba 35, menya ganda lote, weka nyuzi kwenye mizani ndogo ya jikoni. Shaba kamili itasoma karibu gramu 63. Alumini iliyopakwa shaba itasoma karibu gramu 25. Ikisoma gramu 45, huenda ni shaba kweli lakini umeuziwa milimita mraba 25 kwa jina la 35. Kukwangua uzi kwa kisu ni jaribio jingine: rangi nyeupe ndani ni alumini. Ila mizani inakuambia na kiasi ulichopunjwa, jambo ambalo kisu hakiwezi.

Hesabu hiyo inatoa pia kipimo cha bei. Mita 1 ya waya wa milimita mraba 35 ina shaba ya gramu 314, na ya milimita mraba 50 ina gramu 448. Mei 2024 bei ya shaba katika soko la London ilivuka dola 11,000 kwa tani, yaani zaidi ya dola 11 kwa kilo. Tuchukue dola 10 kwa kilo kwa ajili ya hesabu ya kichwani: mita ya milimita mraba 35 ina shaba ghafi ya dola 3 na senti 14. Bado hujamlipa aliyevuta nyuzi, aliyefunika ganda, mwenye meli, ushuru, lori la kutoka Dar es Salaam na faida ya muuzaji. Msomaji abadilishe kwa shilingi za siku hiyo. Akiuziwa waya mpya chini ya bei ya shaba iliyomo, ajue kuwa hakuna mfanyabiashara anayeuza kwa hasara kila siku. Kilichomo ndani si shaba.

Waya wa mashine ya kuchomelea vyuma, ambao mafundi wengi wa Moshi wameuzoea, unafaa kwa mifumo ya volti ndogo kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba na unapindika kirahisi. Kwa gari la volti 300 na kuendelea ganda lake halikukusudiwa kazi hiyo. Kanuni namba 100 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, inayofuatwa na viwanda vingi vya magari ya umeme, inahesabu umeme wa betri unaozidi volti 60 kuwa ni umeme mkubwa, na nyaya zake zilizo nje ya kasha zinatakiwa kuwa na ganda la rangi ya machungwa. Rangi hiyo haikuwekwa kwa urembo. Humwambia mwokoaji au fundi mgeni kwamba hapa usikate.

KICHWA, WAYA NA TAYA NI SETI MOJA

Juu ya kichwa cha waya kilicho halali huwa kumegongwa namba mbili, mfano 35-8. Ya kwanza ni unene wa waya kwa milimita mraba, ya pili ni kipenyo cha bolti. Kwenye vichwa vilivyotengenezwa kwa kiwango cha Ujerumani cha DIN 46235 huwa kuna namba ya tatu inayotaja taya za mashine ya kubinyia. Namba hizo tatu zinasema jambo moja: kichwa, waya na taya vimekusudiwa kufanya kazi pamoja. Ukibadilisha kimoja umevunja seti.

Makosa ya karakana yanafahamika. Kichwa ni kidogo, fundi anakata nyuzi kumi za pembeni ili waya uingie. Kichwa ni kikubwa, anajaza vipande vya waya hadi kijae. Tundu la bolti ni la milimita 10 wakati bolti ni ya 8, hivyo sehemu ya shaba inayogusana inapungua na nati inakaa upande. Na lililo kubwa kuliko yote, nyundo na patasi. Kichwa kikigongwa kinakuwa bapa, kwa macho kinaonekana kimeshika, lakini ndani nyuzi zimelala zikiwa na nafasi za hewa. Mvua ya kwanza hewa hiyo inakuwa maji.

Kubinya kunakotakiwa ni kule kunakozikandamiza nyuzi na ukuta wa kichwa hadi vinakuwa kama kipande kimoja. Ukikata kiungo kizuri kwa msumeno katikati na kusugua kwa msasa laini, utaona nyuzi zimepoteza umbo la duara, zimekuwa pembe pembe kama masega ya nyuki, bila tundu jeusi katikati. Hewa haipiti humo, na pasipo hewa kutu haina pa kuanzia. Njia hii ilienea wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya AMP ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1941 ilipotengenezea ndege na meli vichwa visivyohitaji risasi ya kuchomelea. Ndege hutikisika kuliko gari lolote, isipokuwa labda gari la kwenda Serengeti kwa barabara ya mawimbi.

Wapo mafundi, tena wazuri, wanaoshikilia kuwa risasi ya kuchomelea ni bora kuliko kubinya. Kwa redio wana hoja. Kwa waya mnene wa gari, risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya kuwa mgumu kwa sentimita chache; pale ugumu unapokwisha na ulaini unapoanza, mtikisiko unakata uzi mmoja mmoja. Aidha, risasi ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Kiungo kikipata moto kwa sababu nyingine, risasi inayeyuka na waya unachomoka wenyewe, ukiwa na umeme. Soketi ndogo za manjano aina ya XT60 na XT90 zinazoonekana kwenye baiskeli na pikipiki za umeme zimetengenezwa kwa kuchomelewa, na hapo hakuna ubishi; wazi ni kwamba hazikukusudiwa kubeba Land Cruiser.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Menya ganda kwa urefu sawa na kina cha shimo la kichwa, na milimita moja au mbili za ziada, bila kukwaruza nyuzi. Ingiza hadi mwisho. Vichwa vingine vina dirisha dogo la kuhakikishia. Vaa mpira wa kusinyaa kwenye waya kabla ya kubinya, si baada, maana kwenye kichwa kipana hautapita. Tumia taya za pembe sita zenye namba ya kichwa hicho na bana mpaka taya zikutane kabisa. Kama kichwa kinahitaji mibinyo miwili, anza upande wa tundu la bolti ukielekea kwenye ganda, ili shaba inayotanuka ipate pa kwenda. Kama kingo za shaba zimechomoza kama masikio pande zote mbili, taya ni ndogo kuliko kichwa. Kama kichwa kinazunguka kwenye waya, taya ni kubwa. Vyote viwili vikatwe na kuanza upya. Kubinya mara ya pili juu ya kosa hakusaidii.

Waya wenye nyuzi nyembamba sana una matata yake. Nyuzi hizo hazipangani kwa kubanana kama nyuzi nene, kwa hiyo waya wa milimita mraba 35 wa aina hiyo ni mnono kidogo kuliko ndugu yake wa nguzo za TANESCO, na unahitaji kichwa chenye mdomo uliopanuliwa. Anayenunua vichwa vya nguzoni kwa sababu vipo tele, halafu akanunua waya laini wa gari, atajikuta anakata nyuzi. Wa kulaumiwa hapo ni aliyefanya manunuzi, kabla ya kumgeukia fundi.

SOKETI ZA KUTENGANISHA

Mahali ambapo betri hutolewa na kurudishwa, kama kwenye bodaboda za kubadilishana betri, bolti haitoshi, inatakiwa soketi. Aina inayojulikana zaidi ni ya Anderson, mfululizo wa SB, iliyoenea kupitia mashine za kunyanyulia mizigo maghalani. Namba zake, SB50, SB175 na SB350, zinafuata ampea. Pande zake mbili zinafanana, hakuna dume wala jike, na rangi ina maana: soketi nyekundu haiingiani na ya kijivu, ili mtu asiunganishe betri ya volti 24 na chaja ya volti 48 kwa bahati mbaya. Anayenunua rangi yoyote iliyopo dukani ameitupa kinga aliyoilipia.

Tahadhari mbili. Soketi hizi ni za kutenganisha wakati umeme haupiti. Umeme wa betri ukikatwa ukiwa na mzigo hutoa cheche ndefu inayokula ncha za shaba, na mara ya kumi soketi iliyokuwa ya ampea 175 haina tena uwezo huo. Pili, kwa gari la volti 300 na zaidi kinachotakiwa ni soketi iliyofungwa isiingie kidole wala maji, yenye nyuzi mbili nyembamba za ulinzi zinazoachana kwanza na kuamuru kontakta zikate umeme kabla ncha kubwa hazijaachana. Herufi IP67 maana yake kifaa kimejaribiwa kutoingiza vumbi na kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kwa gari linalovuka makorongo ya njia za mbugani kigezo hicho si anasa.

Nani anunue mashine?

Koleo la mkono linatosha kwa waya wa milimita mraba 6 au 10 wa bajaji. Kuanzia 25 kwenda juu inatakiwa mashine ya kubinyia inayosukumwa kwa mafuta kama jeki, yenye seti ya taya. Wenye karakana wengi huiona ni gharama isiyo na kazi kila siku, na wanaazima nyundo. Tufanye mfano wa hesabu. Hizi si bei za soko. Tuseme mashine na taya zake imegharimu shilingi 400,000 na itabinya vichwa 2,000 kabla ya kuchoka. Hiyo ni shilingi 200 kwa kichwa. Gari lenye masanduku manne ya betri, fyuzi, kontakta na kifaa cha kuongoza mota huweza kufikisha vichwa 24, yaani shilingi 4,800 kwa gari zima. Msomaji aweke bei halisi aliyopewa dukani. Hata akiizidisha mara tano, jumla haifiki gharama ya siku moja ya gari la watalii kulala njiani Julai, wageni wakiwa ndani na ndege yao inawasubiri KIA.

Kwa karakana ndogo ambayo haiwezi peke yake, kununua kwa ushirika ni jambo linalofahamika mkoani humu tangu wakulima wa kahawa walipounda KNCU mwaka 1933. Karakana tatu za mtaa mmoja zinaweza kumiliki mashine moja na kutozana kwa kila kichwa. Ila taya zihesabiwe zinapotoka na zinaporudi, maana seti isiyo na taya ya 35 ni chuma tu.

Ufundi wenyewe haujifichi. VETA Moshi inafundisha umeme na magari, na Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo chake cha nishati jadidifu Kikuletwa wilayani Hai. Kijana aliyepita huko ana msingi. Kinachobaki ni mwenye karakana kumpa zana, na kumkataza kugusa gari la volti 350 bila glavu za mpira za umeme na bila kuhakikisha kwa mita kwamba betri imetenganishwa.

Mwenye gari naye ana haki ya kudai uthibitisho kabla ya kulipa, na vipimo vipo. Cha kwanza ni cha kuvuta. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61238 kinataka kiungo cha shaba kistahimili nguvu ya nyutoni 60 kwa kila milimita mraba. Kwa waya wa 35 hiyo ni nyutoni 2,100, sawa na kuning'iniza magunia matatu na nusu ya kahawa safi ya kilo 60. Karakana ibinye kichwa kimoja cha majaribio kwa waya, taya na mkono ule ule, ikining'inize kwenye winchi, na mwenye gari aone kwa macho yake.

Cha pili ni cha milivolti, na hiki ndicho ningekilipia. Pitisha ampea 100 kwenye waya ulioungwa, kisha pima kwa mita tofauti ya volti kati ya ganja la kichwa na nyuzi zilizo sentimita 10 nyuma yake. Waya mtupu wa shaba wa milimita mraba 35 kwa urefu huo unapoteza milivolti 5 hadi 6. Kiungo kizuri hakitazidi hapo kwa kiasi cha maana. Kikisoma 20 au 50, kikatwe, bila mjadala. Usomaji wa kila kiungo uandikwe kwenye karatasi, na nakala ikae na gari. Baada ya miezi mitatu ya kupanda na kushuka mlima vipimo virudiwe, nati zikazwe kwa spana ya kipimo, na namba zilinganishwe. Kiungo kilichopanda kutoka 6 hadi 12 kimetoa taarifa mapema, na kukibadilisha ni kazi ya nusu saa.

Karakana itakayompa mteja karatasi hiyo pamoja na risiti itakuwa na bidhaa ambayo fundi wa nyundo hana, na inaweza kuitoza bei yake. Nakala ikae pia kwenye faili la ofisi, kwa namba ya gari, kwa sababu mteja wa safari akirudi baada ya msimu jambo la kwanza atakalouliza ni kama kazi ya mwanzo ilikuwa sawa.

Vichwa vilivyokatwa baada ya majaribio visitupwe. Ni shaba safi na inauzika kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwenye karakana aviweke kwenye kopo tofauti, mbali na mabaki ya alumini, na aombe stakabadhi anapouza.